Utete na Kalamu: Simulizi na Andishi katika Konserto ya Klarineti ya Aaron Copland

Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kukuta humu makala yanayohusu muziki wa okestra uliotungwa Marekani katikati ya karne ya ishirini. Idara yetu ni ya fasihi, na fasihi, kama tunavyowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ni sanaa inayotumia lugha. Konserto ya klarineti haina neno hata moja. Hata hivyo, yapo maswali ambayo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hukabiliana nayo kila mara, na ambayo yanaulizwa katika kazi hii kwa uwazi usiopatikana katika diwani nyingi. Swali kuu ni hili: sanaa iliyozoea kuzaliwa papo hapo, mbele ya hadhira, hupata nini na hupoteza nini inapotiwa katika maandishi?

Kazi tunayoirejelea ni Konserto ya Klarineti ya Aaron Copland, iliyotungwa kwa ajili ya mpigaji mashuhuri wa jazi, Benny Goodman, na kusikika kwa mara ya kwanza mwaka 1950. Ni kazi ya muda wa kama dakika kumi na saba hivi, na mara nyingi hutolewa kuwa mfano bora wa kuchanganya muziki wa kikale wa Ulaya na jazi. Makala haya hayapingi sifa hiyo, bali yanadai kwamba istilahi yenyewe ya "mchanganyiko" inaficha jambo la msingi. Maji yakishachanganywa na maziwa, hakuna awezaye kuonyesha ni wapi yalipo maji na ni wapi yalipo maziwa. Katika konserto hii inawezekana kuonyesha. Pana mahali ambapo kalamu inatawala, pana mahali ambapo kalamu inaiga mdomo, na pana mahali pamoja ambapo mdomo uliikataa kalamu na kalamu ikafutwa. Tutajaribu kuzionyesha sehemu hizo, kisha tuulize zinatufunza nini sisi tulio katika uwanja wa ushairi wa Kiswahili.

Nilipata kuwasikilizisha wanafunzi wa uzamili kanda ya kazi hii katika semina ya nadharia ya fasihi simulizi. Ilipokwisha, mmoja wao akauliza, "Sasa, Mwalimu, ni wapi hapo ambapo mpigaji anajitungia mwenyewe?" Jibu ni kwamba hakuna. Kila noti imeandikwa. Swali la mwanafunzi huyo ndilo lililozaa makala haya.

Mtunzi, Mpigaji na Mkataba

Hatuwezi kuihakiki kazi hii pasi na kuwatazama watu wawili walioizaa. Copland alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1900, katika familia ya Wayahudi waliohamia Marekani kutoka upande wa Lithuania. Mwaka 1921 alikwenda Ufaransa kusomea utunzi kwa Nadia Boulanger, na aliporejea kwao mwaka 1924 alikuwa na azma ya kuandika muziki ambao ungetambulikana mara moja kuwa ni wa Kimarekani. Jazi ndiyo njia ya kwanza aliyoijaribu. Konserto yake ya Piano ya mwaka 1926 imejaa mahadhi ya jazi, na mwaka 1927 alichapisha makala ya kinadharia kuhusu muundo wa jazi na athari zake kwa watunzi wa wakati huo. Baada ya hapo aliiacha njia hiyo, akageukia nyimbo za jadi za wachungaji wa ng'ombe na za wakulima wa nchi yake. Kwa hiyo alipoombwa konserto ya klarineti mwaka 1947, kuigusa jazi kulikuwa kurejea nyumba aliyokwisha kuihama.

Goodman naye alizaliwa Chicago mwaka 1909, mtoto wa Wayahudi maskini waliohamia kutoka himaya ya Urusi. Alijifunza klarineti kwa Franz Schoepp, mwalimu wa muziki wa kikale, huku akiwasikiliza wanamuziki weusi waliokuwa wamehamia Chicago kutoka New Orleans. Katika miaka ya thelathini akawa kiongozi wa mojawapo ya bendi maarufu kabisa za Marekani. Kufikia mwaka 1936 alikuwa akipiga hadharani bega kwa bega na Teddy Wilson na Lionel Hampton, wanamuziki weusi, katika nchi ambayo ubaguzi ulikuwa bado unawatenga watu wa rangi mbalimbali hata jukwaani. Tarehe 16 Januari 1938 aliiingiza jazi katika ukumbi wa Carnegie, New York. Mwaka huo huo Béla Bartók aliandika kazi iitwayo Contrasts kwa ajili yake na mpiga fidla Joseph Szigeti. Goodman, basi, alikuwa mtu wa nyumba mbili, na alitaka kujulikana kuwa mwenyeji katika zote mbili.

Mkataba ulikuwa wa dola 2,000, na Goodman alipewa haki ya kuwa mpigaji wa pekee wa kazi hiyo kwa muda wa miaka miwili. Copland alianza kuiandika mwaka 1947, mwaka ambao alizuru Amerika ya Kusini, na sehemu ya kazi aliifanyia Rio de Janeiro. Ilisikika kwanza redioni tarehe 6 Novemba 1950, Goodman akipiga pamoja na okestra ya NBC chini ya uongozi wa Fritz Reiner.

Tanbihi ya Kinadharia: Andishi na Simulizi Hazitengani kwa Ukuta

Kabla ya kuuchambua muundo, ni muhimu kuondoa dhana moja potofu. Mtu anaweza kudhani kwamba muziki wa kikale wa Ulaya ni andishi mtupu, na kwamba jazi ni simulizi mtupu. Historia haikubaliani na mgawanyo huo.

Konserto ni utanzu unaomweka mpigaji mmoja mbele ya kundi. Kwa muda mrefu utanzu huo ulikuwa na nafasi ya simulizi ndani yake. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, okestra ilinyamaza, na mpigaji akaachiwa uwanja atunge mwenyewe papo hapo kwa kutumia mahadhi yaliyokwisha kusikika. Nafasi hiyo huitwa kadenza. Wasikilizaji wa karne ya kumi na nane walimpima mpigaji kwa hayo, kama hadhira ya malumbano inavyompima malenga kwa wepesi wa jibu lake. Nafasi hii ilifungwa polepole. Katika Konserto yake ya Tano ya Piano, iliyotungwa mwaka 1809, Beethoven alimwagiza mpigaji asitie kadenza yake bali afuate yaliyoandikwa. Kuanzia hapo mtunzi alizidi kuishika kalamu hata mahali ambapo zamani aliiweka chini.

Kwa upande wa pili, jazi nayo haikuwa ngeni kwa maandishi. Bendi ya Goodman ilisimama, kwa kiasi kikubwa, juu ya matini za Fletcher Henderson, mwanamuziki mweusi aliyeandika mipangilio ya nyimbo nyingi za bendi hiyo. Aidha, Jimmie Noone na Buster Bailey, wapiga klarineti weusi wa Chicago, walisoma kwa Schoepp yule yule aliyemfundisha Goodman. Walijua kusoma noti, nao walijua pia kuziacha. Kilichoitofautisha jazi ni kwamba ndani ya maandishi palibakizwa nafasi ambayo kalamu haikuingia, na kila usiku nafasi hiyo ilijazwa upya.

Kwa hiyo tanzu zote mbili zilikuwa na andishi na simulizi ndani yake. Tofauti ilikuwa katika mahali pa mpaka na katika mwenye mamlaka ya kuuweka. Hili ndilo tutakaloliangalia katika kazi ya Copland.

Muundo wa Konserto

Konserto hii ina sehemu mbili tu, badala ya tatu zilizozoeleka, na zimeunganishwa na kadenza ndefu. Ala zinazoisindikiza klarineti ni chache: fidla na jamaa zake zote hadi besi kubwa, kinubi, na piano. Hakuna tarumbeta, hakuna ngoma.

Sehemu ya kwanza inakwenda polepole, kwa mapigo matatu matatu. Kinubi na besi zinatembea taratibu, na juu yao klarineti inaimba wimbo mrefu wenye miruko mipana. Inapanda juu, inatulia, kisha inashuka kana kwamba inajutia kupanda. Umbo ni sahili: wimbo, sehemu ya kati yenye msisimko zaidi, kisha wimbo tena. Hapa jazi haisikiki waziwazi, ingawa namna klarineti inavyochelewa kuiacha noti ina upweke ambao msikilizaji wa blues ataufahamu. Kalamu inatawala bila kupingwa, na inatawala kwa upole.

Kisha okestra inanyamaza na kadenza inaanza. Klarineti inabaki peke yake. Inachukua masalio ya wimbo uliopita, inayageuza, na taratibu inaleta vijipande vya mahadhi ambayo hayajasikika bado. Mapigo yanaanza kuangukia mahali pasipotarajiwa, kasi inaongezeka, na masafa kati ya sauti ya chini na ya juu yanapanuka. Msikilizaji ambaye hakuambiwa angeapa kwamba mpigaji anajitungia.

Sehemu ya pili ni ya haraka. Inaanza kwa sauti nyembamba zilizokatwakatwa za fidla na piano, kisha inapanuka. Umbo lake ni la kurejearejea, mfano wa utungo ambao kibwagizo chake hurudi kila mara lakini hakirudi katika hali ile ile. Humu mna mapigo ya dansi za Marekani za miaka ya ishirini, mna besi ya piano ya mtindo wa boogie-woogie, na mna mahadhi ya wimbo wa watu ambao Copland aliusikia Brazil. Kwa kuwa hakuna ngoma, mtunzi anazitaka besi kubwa zipigwe kwa kuchapwa nyuzi, na kinubi kigongwe kwa ukavu, ili ala za nyuzi zijifanye ngoma. Mwishoni kabisa klarineti inapanda kwa kuburura sauti kutoka chini hadi juu, bila kutenganisha noti na noti, na kazi inakwisha kwa kishindo.

Mburuzo huo una historia. Mwaka 1924, George Gershwin alipokuwa akiifanyia mazoezi Rhapsody in Blue, mpiga klarineti Ross Gorman alifanya mzaha: badala ya kuzipiga noti za ufunguzi moja moja kama zilivyoandikwa, aliziburura zote kwa mkupuo mmoja. Gershwin akaupenda mzaha huo na kumtaka aushikilie. Tangu siku hiyo mburuzo ule umekuwa sehemu ya matini, na wapigaji wote huurudia. Mwaka 1924 basi, mdomo wa mpigaji uliielekeza kalamu. Copland alipoufunga utungo wake kwa mburuzo wa aina hiyo, alikuwa akiandika kwa wino kile kilichoanza kama utundu wa mpigaji. Tunaweza kusema kwamba simulizi ilikuwa imekwisha kuwa kanuni.

Kadenza Iliyoandikwa

Turejee kwenye kadenza, maana ndiyo kiini cha hoja yetu. Hapa palikuwa na nafasi mbili za uhuru zilizokutana mahali pamoja. Desturi ya konserto ilikuwa na kumbukumbu ya kadenza ya papo kwa papo, na desturi ya jazi ilimpa mpigaji haki ya kutunga. Zaidi ya hayo, mpigaji mwenyewe alikuwa Goodman, ambaye hapakuwa na haja ya kumfundisha namna ya kujitungia. Ikiwa kulikuwa na wakati wa kuiweka kalamu chini, wakati ulikuwa huo. Copland hakuiweka chini. Aliiandika kadenza yote, na alieleza baadaye kwamba si ya kujitungia, ingawa aliamini kuwa mpigaji anabaki na nafasi ya kutosha ya kuifasiri hata pale ambapo kila kitu kimeandikwa.

Mhakiki anaweza kuuchukua uamuzi huo kuwa udhaifu, na ndivyo nilivyouchukua mara ya kwanza. Nilidhani mtunzi alikopa mavazi ya jazi na kuuacha mwili wake. Baada ya kuisikiliza zaidi, sina hakika. Kadenza hii inafanya kazi ambayo utungaji wa papo kwa papo usingeweza kuifanya. Inayatambulisha mahadhi ya sehemu ya pili kabla hayajafika, hivyo kwamba yanapofika kwa ukamilifu yanatambulika kama watu tuliowahi kuwaona kwa mbali njiani. Mpito kutoka huzuni hadi dansi unategemea utaratibu huo. Ukimwachia kila mpigaji ajitungie, daraja litavunjika. Uhuru ungeongezeka, na umoja wa kazi ungepungua.

Hata hivyo gharama ipo, na ni sharti itajwe. Kinachosikika katika kadenza hii ni taswira ya uhuru. Inafanana na majibizano ndani ya tamthilia, ambamo wahusika wanazungumza kana kwamba maneno yanawajia sasa hivi, ilhali yaliandikwa kitambo. Hatumlaumu mwandishi wa tamthilia kwa hilo. Lakini pia hatuyaiti majibizano ya jukwaani malumbano halisi. Wanaosema kwamba konserto hii imeiunganisha jazi na muziki wa kikale wanasahau tofauti hiyo.

Mkia Uliofutwa

Ushahidi mzito zaidi umo katika jambo ambalo msikilizaji hawezi kulisikia, kwa kuwa lilifutwa. Copland alipomkabidhi Goodman kazi yake, mkia wa konserto ulikuwa na noti za juu sana kuliko zilizomo katika matini iliyochapishwa. Goodman aliomba zishushwe. Copland alistaajabu kidogo, kwani alikuwa amezisikiliza rekodi za Goodman na alijua kwamba angeweza kuzifikia noti hizo. Goodman akamweleza kwamba alipopiga jazi mbele ya hadhira alizifikia bila taabu, lakini kuzifikia kwa kusoma kutoka kwenye karatasi, au mbele ya mashine ya kurekodia, ni jambo jingine. Mtunzi akakubali, na mkia ukabadilishwa.

Kisa hiki hutajwa katika maelezo mengi kama kichekesho kidogo cha historia ya muziki. Mimi naona kwamba kina uzito wa nadharia nzima. Noti ni ile ile, ala ni ile ile, mdomo na vidole ni vya mtu yule yule. Kilichobadilika ni chanzo cha noti. Ilipotoka ndani ya mpigaji, katika mkondo wa utungo ambao yeye mwenyewe aliuelekeza, ilikuwa rahisi. Ilipotoka kwa mtu mwingine, ikamngoja kwenye ukurasa, ikawa mlima. Wale waliowahi kumtaka fanani wa ngano aisimulie ngano yake mbele ya kinasa sauti wanalifahamu jambo hili. Msimulizi aliyekuwa akitiririka jana usiku penye moto, leo anakwama kwenye sentensi ya tatu. Hajaisahau ngano. Ametolewa katika mazingira ambayo ngano ilikuwa inazaliwa humo, na badala yake ametakiwa kuizalisha.

Hapa basi ndipo mpaka unapoonekana waziwazi. Copland alidhani kwamba kinachowezekana katika simulizi kinawezekana pia katika andishi, mradi mtu ni yule yule. Goodman, aliyekuwa ameishi katika nyumba zote mbili, alijua kwamba sivyo. Si ajabu kwamba mwaka 1949, akiwa tayari bingwa anayejulikana kote, alirudi kuwa mwanafunzi wa Reginald Kell ili ajifunze upya namna ya kupuliza. Alijua kwamba maandishi yanadai mdomo mwingine.

Suala la Mwenye Sauti

Upo upande mmoja zaidi ambao mhakiki wa Kiafrika hawezi kuupita kimya. Jazi ilizaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi. Katika mkataba wa mwaka 1947 hakuna mweusi. Mtunzi si mweusi, mpigaji si mweusi, na kiongozi wa okestra katika onyesho la kwanza si mweusi. Je, huu ni unyang'anyi?

Jibu la haraka halitatufaa. Goodman hakuwaficha walimu wake; aliwapandisha jukwaani wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa na hatari. Copland kwa upande wake hakudai kwamba anaandika jazi. Lakini kuna jambo katika nadharia yake linalostahili kukosolewa. Aliwahi kudai kwamba jazi ina hali mbili tu za moyo: huzuni ya blues, na msisimko wa kelele na furaha isiyo na mipaka. Hiyo ndiyo sababu mojawapo aliyoitoa ya kuiacha jazi mwanzoni. Dai hilo halikuwa kweli hata wakati huo. Aliyesikiliza kazi za Duke Ellington za miaka ya thelathini alikwisha kukutana na kejeli, tafakuri, mapenzi ya utu uzima na fahari ya mji mzima. Aliyezisikia hali mbili tu alikuwa akisikiliza kutoka nje ya mlango.

Tukiitazama konserto kwa jicho hilo, tunaona kwamba ina sehemu mbili: moja ya huzuni, moja ya msisimko. Sidai kwamba mtunzi alikusudia kuuthibitisha msimamo wake wa zamani. Nadai kwamba muundo wa kazi umeubeba. Kinachoiokoa ni kadenza, kwa kuwa ndipo hali za moyo zinapoachana na jozi hiyo. Katika dakika zile chache klarineti inasita, inadhihaki, inajiuliza, inajirudi. Ni ajabu kwamba sehemu iliyonyimwa uhuru wa kujitungia ndiyo iliyoikaribia zaidi jazi kwa upana wa hisia.

Funzo kwa Uhakiki wa Ushairi wa Kiswahili

Tangu Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamelumbana juu ya vina na mizani. Upande mmoja, ukiegemea miongozo kama ile ya Amri Abedi ya mwaka 1954, ulishikilia kwamba bila kanuni hizo hakuna shairi. Upande wa pili ulishikilia kwamba kanuni hizo ni pingu. Pande zote mbili ziliuweka mjadala katika umbo la ubeti uliokwisha kuandikwa. Walipigania jinsi shairi linavyoonekana ukurasani.

Konserto ya Copland inatukumbusha swali lililotangulia hilo. Vina na mizani vilikuwa nini kabla ya ukurasa? Kwa malenga wa Mombasa na Lamu vilikuwa nyenzo ya kutungia upesi. Muyaka bin Haji hakuhesabu mizani ili apewe alama na mtahini. Mizani ilimbeba alipokuwa akiwajibu wapinzani wake, kama vile mapigo yanavyombeba mpiga jazi. Mashairi yake mengi tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakumbuka na kuyaandika kwa ajili ya W. E. Taylor katika karne ya kumi na tisa, na hatimaye Hichens akayachapisha mwaka 1940. Bila kalamu hiyo tungekuwa maskini. Lakini kalamu ilituletea jibu mara nyingi bila ya hadhira iliyolisubiri, na bila ya dakika ile ya kimya kabla malenga hajafumbua kinywa. Baada ya hapo tumeyasoma mashairi hayo kana kwamba tangu mwanzo yalikuwa maandishi, tukazichukua nyenzo za uhuru tukaziita sheria. Wengine wakazitetea kama sheria na wengine wakaziasi kama sheria. Ni wachache waliokumbuka kwamba zilikuwa kama kile Goodman alichokuwa nacho jukwaani: njia ya kuifikia noti ya juu bila ya kuiona imeandikwa.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, uhakiki wa mashairi ya jadi uanze kwa kuuliza ni mazingira gani ya utendaji yaliyozaa umbo, kabla ya kulipima umbo lenyewe. Pili, tunapohakiki mashairi huru, tusiridhike kuyaita huru kwa sababu tu hayana vina. Kadenza ya Copland haina pingu zinazoonekana, na bado imefungwa kila mahali. Shairi lisilo na mizani linaweza kuwa limeandikwa kwa ukali ule ule. Hilo si kosa, ila tuliite kwa jina lake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Konserto ya Klarineti ya Copland inaeleweka vizuri zaidi kama mahali ambapo simulizi na andishi zinakutana na kupimana nguvu kuliko kama mchanganyiko wa mitindo miwili. Katika sehemu ya kwanza andishi linatawala. Katika kadenza linaiga simulizi, kwa faida na kwa hasara. Katika mburuzo wa mwisho linahifadhi utundu wa wapigaji waliotangulia. Na katika mkia uliofutwa lilifika mahali ambapo halikuweza kumfuata mpigaji, likarudi nyuma.

Goodman aliirekodi kazi hii mara mbili chini ya uongozi wa Copland mwenyewe, mwaka 1950 na mwaka 1963. Katika rekodi hizo noti za juu hazimo, kwa kuwa zilikwisha kubadilishwa. Goodman alifariki mwaka 1986, na Copland akamfuata mwaka 1990. Mkia wa mwanzo umesalia katika hati za mtunzi, na siku hizi wapo wapigaji wanaousoma na kuupiga kama ulivyokuwa. Wamezoezwa kusoma tangu utotoni, nao wanazifikia noti zile kutoka kwenye karatasi. Kama wangeweza kuzifikia bila ya karatasi ni suala ambalo konserto hii, kwa namna ilivyoandikwa, haiwapi nafasi ya kulijibu.